Pishi Moja kwa Kichwa

Wapendwa katika Bwana,

Mana, ambayo Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ilikuwa chakula chenye masharti. Kitabu cha Kutoka sura ya 16 kinasema ilionekana asubuhi, umande ukishainuka, kitu kidogo kilichotanda juu ya nchi. Jua likishakuwa kali, inayeyuka. Kipimo chake kilikuwa pishi moja kwa kichwa. Aliyeiweka akiba mpaka kesho yake aliikuta imeingia mabuu na inanuka. Siku ya sita peke yake ndipo waliokota pishi mbili, ili siku ya saba wapumzike. Mungu alikuwa na uwezo wa kuwashushia chakula cha mwezi mzima kwa mkupuo, lakini aliwataka wainame chini kila asubuhi, na wakainama hivyo miaka 40.

Wengi wetu tunatarajia imani ikue kwa mkupuo. Tunasubiri mkesha mkubwa, semina ya siku tatu, mfungo wa kufungua mwaka. Hayo yote ni mema na ninayaheshimu. Lakini mtu akishiba Jumapili kisha akashinda na njaa siku sita, asishangae magoti yakilegea Alhamisi. Bwana wetu alipotufundisha kuomba alisema "utupe leo riziki yetu". Na Luka, anapoandika habari ya kujitwika msalaba, ana maneno mawili ambayo Mathayo na Marko hawanayo mahali hapo: "kila siku" (Luka 9:23). Ninachotaka kuwashirikisha leo ni jinsi ya kuokota pishi ya siku moja, kwa hatua, na jinsi inavyomwagika mikononi mwetu.

Tuanze na saa. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nafasi nne za kulinena Neno: "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Angalieni vizuri, hakuna hata moja iliyo saa mpya. Kuketi, kutembea, kulala na kuamka ni mambo ambayo kila mtu anayafanya hata asipotaka. Neno limefungwa kwenye kitu ambacho tayari kipo. Hapo ndipo nadhiri zetu nyingi zinapokufa. Mtu anasema, "Mwaka huu nitaomba zaidi," na hasemi ataombea wapi, baada ya jambo gani, kwa dakika ngapi. Nadhiri isiyo na mahali haina pa kusimama. Afadhali aseme: "Nikishanawa uso, kabla sijashika simu, nitakaa kwenye kiti kile cha karibu na dirisha dakika kumi na tano." Kunawa uso kutamkumbusha. Danieli alikuwa na chumba chake, madirisha yake yaliyoelekea Yerusalemu, na nyakati zake tatu kwa siku (Danieli 6:10). Amri ya mfalme ya kukataza maombi ilipotoka hakuhitaji kutafuta ujasiri mpya, alipanda tu ngazi alizozizoea.

Sasa hizo dakika kumi na tano. Nawasihi wanaoanza wasizidishe hapo kwa mwezi wa kwanza. Anayeanza na saa nzima kwa kawaida huacha kabla ya wiki ya pili, na akiacha anabaki na hatia inayomfanya aogope kurudi.

Dakika moja ya kwanza nyamaza. Usiseme lolote. Mawazo yatakuja mbio, ya kazi, ya deni, ya mtu aliyekuudhi. Yaandike kwa neno moja moja kwenye kipande cha karatasi na uyaache hapo. Ukishayaandika hayatakusumbua sana, maana akili inajua hayatapotea. Kisha dakika sita za kusoma. Soma fungu moja, aya kumi mpaka kumi na tano, usimalize sura kwa lazima. Soma kwa sauti ya chini, midomo ikitembea. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na neno la Kiebrania lililotumika hapo, haga, ni kunong'ona, kunguruma kwa sauti ya chini. Isaya 31:4 inalitumia neno hilohilo kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Kwa hiyo kutafakari kibiblia kuna sauti ndani yake. Jicho peke yake huteleza juu ya aya tunazozijua, lakini ulimi hulazimika kugusa kila neno. Soma mara ya kwanza upate habari, mara ya pili usikie ni neno gani linakushika. Likikushika, simama hapo.

Zinabaki dakika nane, na hapa ndipo watu wengi husema, "Nimesoma, sasa nifanye nini?" Mwaka 1535 Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani, alimwandikia kinyozi wake, Peter, aliyekuwa amemwomba amfundishe kuomba. Alimwonyesha njia ambayo mpaka leo sijaona ya kumfaa mtu mwenye shughuli kuliko hiyo. Twaa amri moja, au aya moja, uisokote kama shada lenye nyuzi nne. Uzi wa kwanza ni fundisho: Mungu ananitaka nijue nini hapa, au nifanye nini? Uzi wa pili ni shukrani: kuna nini hapa cha kumshukuru? Wa tatu ni ungamo: aya hii inafichua nini kwangu? Wa nne ni ombi: basi namwomba nini?

Tuifanye pamoja na aya moja. "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Fundisho: mchungaji anajua malisho kabla kondoo hawajaona njaa, kwa hiyo si kazi yangu kubuni malisho ya mwezi ujao. Shukrani: jana nilikula, nililala mahali pakavu, mtoto alipona homa. Taja vitu vyenyewe, usiseme "kwa yote". Ungamo: wiki hii nilisema uongo mdogo kazini kwa kuogopa kupungukiwa. Ombi: Bwana, leo nitakapoulizwa tena, nipe kusema kweli. Uzi mmoja dakika mbili. Ukiona uzi mmoja umekuteka moyo, bakia hapo na uache mingine. Luther mwenyewe alimshauri Peter hivyo, kwamba mawazo mema yakija kwa wingi, asikimbilie kumaliza orodha.

Katika barua hiyohiyo yamo mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, alimtahadharisha na ile sauti inayosema, "Ngoja kidogo, nitaomba baada ya saa moja, kwanza nimalize hili." Hilo moja huzaa lingine, na siku inaisha. La pili, alimtolea mfano wa kazi yake mwenyewe. Kinyozi mzuri macho na mawazo yake yako kwenye wembe na nywele. Akianza kupiga soga na kuangaza macho huku na huku, atamkata mtu mdomo au pua, pengine hata koo. Kila kazi ikitaka kufanywa vizuri inamtaka mtu mzima mzima, na sala vilevile. Nimependa kwamba hakumfundisha kinyozi kwa lugha ya watawa. Alichukua wembe ulio mkononi mwake. Fundi cherehani, mwuguzi, dereva, mhasibu, kila mmoja anajua ndani ya kazi yake ni wapi ukipepesa jicho unaharibu. Uangalifu huo anao tayari, aulete mbele za Mungu.

Simu ni jambo ambalo lazima nilitaje waziwazi. Biblia iliyo ndani ya simu ni Biblia kamili, sina neno nayo. Tatizo ni jirani zake. Ujumbe ukiingia katikati ya aya, jicho limeshatoka na moyo umeshafuata. Ukisomea kwenye simu, zima data kabla hujafungua programu ya Biblia, na uiwashe baada ya Amina. Ukiweza kupata Biblia ya karatasi kwa ajili ya saa hiyo moja tu, pata.

Wapo wanaotaka kuisoma Biblia yote, na hamu hiyo ni nzuri. Fanyeni hesabu kabla ya kuanza. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu kila siku na tano Jumapili. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Scotland, mwaka 1842 aliwapangia washirika wake sura nne kwa siku, na kwa mpango huo Agano Jipya na Zaburi husomwa mara mbili kwa mwaka na Agano la Kale mara moja. Ni mpango mzuri kwa mwenye nusu saa ya uhakika. Asiye nayo ana njia nyingine: Agano Jipya lina sura 260, na sura moja kwa siku tano za wiki ni sura 260 kwa wiki 52, Jumamosi na Jumapili zikibaki za kufidia. Injili nne zina sura 89, hiyo ni miezi mitatu tu kwa sura moja kila siku. Zaburi tano kwa siku zinamalizika kwa siku 30.

Mipango hii inakwama mahali panapojulikana. Mtu anaanza Mwanzo kwa furaha, anapita katikati ya Bahari ya Shamu, kisha kuanzia Kutoka 25 anaingia kwenye vipimo vya hema ya ibada ya Waisraeli, dhiraa kwa dhiraa, halafu Walawi na sadaka zake. Anachoka, anaruka siku mbili, deni linafika sura sita, kisha kumi na mbili, na Biblia inafungwa. Uvivu una sehemu ndogo hapo. Amekutana na aina nyingine ya maandiko akiwa na kasi ileile ya hadithi. Sura za hema zisome kama mtu anayezunguka nyumba inayojengwa: uliza kila mara, hiki kinaniruhusu kumkaribia Mungu kiasi gani, na kinanizuia wapi? Na usome Waebrania sura ya 9 na ya 10 sambamba nazo. Zitaanza kusema.

Kuhusu maombezi nitasema machache. Kosa lake kubwa ni ujumla: "Wabariki wote, wagonjwa wote, wajane wote." Moyo haubebi wote. Gawa majina kwa siku za wiki, yasizidi matano kwa siku, na mbele ya kila jina andika ombi moja na tarehe. Acha nafasi ya kuandika jibu. Daftari hilo lihifadhi. Ile mana iliyooza usiku mmoja hemani, Mungu aliagiza pishi yake moja iwekwe kwenye kopo mbele zake, vizazi vijavyo vione (Kutoka 16:33), na hiyo haikuoza. Kilicholiwa jana hakitakushibisha leo, lakini kukumbuka kwamba ulilishwa ni jambo jingine kabisa.

Utembeapo njiani. Barabarani, kwenye foleni, ukiosha vyombo, mikono ina kazi na akili iko wazi. Nafasi hiyo ni ya aya iliyokaririwa. Aya moja kwa wiki ni aya 52 kwa mwaka, na Zaburi ya 23 yote ni wiki sita tu. Jumatatu iandike kwa mkono kwenye kadi, uisome kwa sauti mara kumi, ukitaja mahali ilipo mwanzo na mwisho, kwa sababu kinachosahaulika kwanza siku zote ni sura na mstari. Nyuma ya kadi andika herufi ya kwanza ya kila neno. Jumanne na Jumatano jaribu kuisema kwa kutazama herufi tu. Alhamisi bila kadi. Ijumaa mwambie mtu aisikilize. Kisha irudie baada ya wiki moja, baada ya wiki mbili, baada ya mwezi. Wengi husema hawana kumbukumbu, na kumbe wanachokosa ni marudio. Pia kariri maneno jinsi yalivyo katika tafsiri moja. Ukichanganya tafsiri mbili, aya itakatikia katikati siku utakayoihitaji, labda kwenye mlango wa wodi.

Na watoto? Dakika tano mezani zinatosha. Kisa kimoja kisichozidi aya kumi na tano, swali moja ambalo halina jibu la ndiyo au hapana, na kila mtu aombe sentensi moja. Kinachoharibu ibada ya nyumbani kuliko chochote ni mzazi kuitumia kumsema mtoto kwa kosa la mchana. Kosa lina saa yake. Mtoto akishajua kwamba kila Biblia ikifunguliwa atakaripiwa, ataichukia Biblia kabla hajaijua.

Tuje usiku. Kabla ya kulala chukua dakika saba kuipitia siku mbele za Mungu. Ignatius wa Loyola, padre aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yalikubaliwa na Papa mwaka 1548, alilipanga zoezi hili kwa hatua tano, na mpangilio wake una maana. Shukrani inatangulia. Taja mema matatu ya leo kwa majina. Pili, mwombe Mungu mwanga wa kujiona, maana macho yetu wenyewe yana upendeleo. Tatu, pita saa kwa saa tangu ulipoamka: nilisema nini, niliwaza nini, nilimtendea nani nini. Nne, omba msamaha. Tano, azimia jambo moja la kesho, kwa msaada wake.

Wengi wanaanzia hatua ya tatu. Wanaruka shukrani na mwanga, na matokeo yake zoezi linakuwa mahakama ambayo mshtaki, shahidi na hakimu ni mtu mmoja. Baada ya wiki mbili hawezi kuendelea, kwa kuwa nani anapenda kuhukumiwa kila usiku? Anza na wema wa Mungu, ndipo utakuwa na ujasiri wa kutazama ubaya wako. Na ukiungama, ita dhambi kwa jina lake. "Nisamehe makosa yangu" ni rahisi kusema kuliko "nilimsengenya fulani leo mchana, kwa sababu nina wivu naye". Sentensi ya pili inauma, na ndiyo inayoponya. Kama umemkosea mtu, Mathayo 5:23-24 haijakuruhusu kuishia kwa Mungu. Andika jina lake kwenye ile karatasi ya kesho. Kama ni wa ndani ya nyumba, usingoje kesho: "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka" (Waefeso 4:26).

Siku zitakazokatika zipo. Utaugua, utasafiri, utalala kupita saa. Ukikosa siku tatu, siku ya nne fungua ukurasa wa siku ya nne. Usirudi kulipa deni. Ile mana ya jana imeshayeyuka, na ya leo iko chini pale pale inakungoja.

Lakini kuna kukauka kwa namna nyingine, ambako mtu hakukosa hata siku moja, anasoma, anaomba, na ndani hakuna kitu. Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu watu wameumizwa sana na majibu ya haraka. Chunguza kwanza mwili. Nabii Eliya, baada ya kuwashinda manabii wa Baali kwenye mlima Karmeli, alikimbia mpaka chini ya mretemu, mti wa jangwani, akaomba afe. Soma 1 Wafalme 19 uone malaika alileta nini: mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Ile sauti ndogo, ya utulivu, ilikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Mtu aliyechoka anahitaji usingizi kabla ya mahubiri, na mwenye huzuni isiyoondoka wiki baada ya wiki, asiyelala wala kula, aende pia kwa daktari, na asiambiwe kwamba kwenda huko ni upungufu wa imani.

Chunguza pili kama kuna jambo lililofichwa. Zaburi 32 inamwonyesha mtu aliyenyamaza mpaka mifupa ikachakaa. Kama lipo, utalijua, huna haja ya kulichimbua kwa hofu. Na pengine hutaona sababu yoyote. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila aya ya kupandisha moyo mwishoni, na Mungu ameiacha ndani ya Biblia. Wakati huo tumia maneno ya kuazima. Zaburi ya 13 ina aya sita tu: mbili za kulalamika, zenye "hata lini" mara nne, mbili za kuomba, mbili za kutumaini. Isome asubuhi. Kama umefika kwenye lalamiko tu na huwezi kuendelea, ishia hapo, useme Amina, kesho uanze tena juu.

Na siku hizo usikae peke yako. Chagua watu wawili au watatu mapema, ungali mzima, uwaombe ruhusa: "Nikikwambia siwezi kuomba, utaniombea bila kunihoji?" Siku ikifika watumie ujumbe wa maneno matatu, "Leo siwezi kuomba," basi. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika Marko sura ya 2, haandikiwi neno hata moja alilolisema. Watu wanne walimchukua, wakakuta mlango umezibwa na umati, wakapanda darini, wakaitoboa, wakateremsha godoro. Na Marko anasema Yesu alipoiona imani yao, akamwambia yule mgonjwa, "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako."